Sefu ya Shemeji Merle

Shoga, ngoja nikusimulie. Nimo garini nje kwa dada yangu, hata gari sijaliwasha.

Si unamjua mumewe, shemeji Merle, na mdomo wake? Tunakula batamzinga, mbele ya watu wote ananiambia: "Lorna, umepigwa! Dhahabu usiyoishika si yako."

Eti kwa sababu sarafu za dhahabu za akaunti yangu ya kustaafu ziko kwenye ghala lenye kibali, huko Delaware. Nikamjibu, zikikaa huko sikatwi kodi mpaka nizitoe.

Akacheka mpaka akapaliwa. "Za akaunti yangu nimezileta nyumbani. Ziko kwenye sefu ya bunduki!"

Nyumbani, shoga! Kwenye kabati la chuma la bunduki!

Binti yake Kendra, yule mhasibu, akaweka uma chini. "Baba, kisheria ukizileta nyumbani umeshazitoa kwenye akaunti. Unadaiwa kodi ya zote, mwaka huu huu."

Dada akanikata jicho, eti nimewaharibia sikukuu. Mimi? Nikajikatia pai, kipande kikubwa.

Sasa hivi Merle kanifuata garini, kainama dirishani, sauti chini: "Lorna, hilo ghala lako lina nafasi?"

Nikamwambia, "Waulize wajanja, shemeji. Mimi si nimepigwa?"