Nyumba Aliyonipa Kaka Yako Akiwa Hai

Vyumba vya chini,
Nyuma ya kituo cha zimamoto.
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko uliko? Baridi haijakuvunja mifupa? Na bwana wako, lile goti lake limekubali kukunjika au bado anapanda ngazi kama anapima ardhi? Sisi huku wazima wa kadiri. Presha yangu inapanda na kushuka itakavyo, lakini dawa nameza, usinigombeze.

Binti yangu amejifungua salama, mtoto wa kike. Paji la uso ni lako lile lile, masikini, lakini macho mazuri.

Utashangaa kuona anwani mpya. Nimeuza nyumba, wifi. Najua utasema ungeniambia kwanza. Ngazi zilinishinda, vyumba vya juu vilikuwa vya panya, na karakana ya kaka yako pale mbele imejaa mafriji yaliyokufa, hakuna wa kuyafufua. Mfamasia wa mtaa wa pili alipokuja na bei ya maana, nikasema Mungu si Athumani.

Kumbe sikujua ninaingia kwenye nini. Tangu hapo kichwa changu si kichwa, ni kikapu cha nyuzi zilizotatizana. Ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Moyo ulipoanza kumsumbua kaka yako, asubuhi moja alivaa ile suti ya kuendea harusi za watu, akaniambia nivae viatu, tunakwenda kwa wakili. Huko akaiandikisha nyumba yote kwa jina langu. Nilikasirika. Tulipokuwa tunashuka nikamwambia, "Unajichuria." Akacheka, akasema, "Wewe umeshaweka sahihi. Uchuro niachie mimi." Siku hiyo hatukutozwa kodi. Wakili alisema mume na mke wakipeana mali, serikali hufumba jicho.

Alipofariki, kaka yenu mkubwa alikusanya watu sebuleni kwangu baada ya mazishi, akaanza kuzungumzia "nyumba ya ukoo". Wakili akamwambia nyumba haimo katika mali ya marehemu, ina mwenyewe. Shemeji akaomba chai. Mambo yakaishia hapo.

Sasa, hilo jicho lililofumbwa, hakuna aliyeniambia kwamba siku ya kuuza hufumbuka. Nimekwenda ofisi ya kodi, dada wa dirishani akaniuliza, "Mama, nyumba ulinunua kwa bei gani?" Nikamjibu sikununua, nilipewa na mume wangu. Akasema, kwa upole tu, "Basi faida tunaihesabu kuanzia bei aliyonunulia yeye." Wifi! Kaka yako alikinunua kile kiwanja kikiwa dimbwi la vyura! Yaani faida yote, tangu vyura mpaka leo, natozwa mimi.

Nikaenda kwa jirani yangu mhasibu, anifafanulie. Akanieleza kwa mfano wa friji, maana alijua mume wangu alikuwa fundi wa nini. Fundi akinunua friji bovu, akalitengeneza likawa na thamani, kisha akampa mkewe angali hai, siku mke akiliuza anahesabiwa kama aliyelinunua kwa bei ya bovu. Lakini fundi akifa nalo, mke akalirithi, hesabu inaanzia bei ya siku ile ya kifo, kwa hiyo kodi inakuwa ndogo. Nikamwambia, "Friji ni lile lile, mke ni yule yule." Akasema, "Ndiyo, mama." Nikamwambia anieleze upya. Akaeleza upya. Nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Habari hazina miguu lakini hufika. Kaka yenu mkubwa akanipigia simu. "Shemeji, si unaona? Marehemu alikuwa na haraka ya nini? Angengoja tu afe." Nilimkatia simu, lakini neno lilikuwa limeshaingia kama kokoto kwenye kiatu.

Nikaanza kumkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Napika nasahau chumvi, naigombeza picha yake ukutani. Siku moja nilimpa mama anayefagia mtaa suruali zote za marehemu, halafu nikamkimbilia hadi kona kuziomba tena. Mwanangu naye akasema baba yake alidanganywa na wakili. Hilo ndilo lililoninyanyua. Nikarudi kwa wakili nikiwa nimejaa maneno.

Yule wakili, mama wa watu, alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mama, nilimweleza. Nilimwambia akikuachia kama urithi, kodi itapungua sana. Alielewa vizuri kabisa."

"Alielewa, akafanya hivi? Alikujibu nini?"

"Alisema, 'Kodi atalipa akiwa na nyumba. Mama yangu hakudaiwa kodi. Alidaiwa funguo.'"

Wifi, funguo gani?

Tangu niolewe kwenu nimekuwa nikiambiwa mama mkwe alipofiwa alirudi kwao kwa hiari yake, kwa sababu hakupenda kelele za mjini. Hadithi hiyo ikisimuliwa kaka yako alikuwa akiinuka kwenda kuangalia kitu karakanani, nami nikadhani ni majonzi ya baba. Wewe ulikuwa mkubwa kumpita. Ni nani aliyezidai, akamtoa mama yenu nyumbani kwake? Mlilala wapi usiku ule? Na kwa nini mtu nilale naye kitanda kimoja maisha yangu yote, jambo kama hilo akamwambie wakili?

Kodi nimelipa. Imeuma, sitakudanganya, lakini kilichobaki kimetosha hivi vyumba na akiba kidogo. Alhamisi mfamasia alikuja kuhamia. Nilimpitisha chumba kwa chumba, nikamwonyesha bomba linalofunguliwa kinyume na dirisha linalotaka kusukumwa kwa bega. Mlangoni nikatoa funguo kwenye mkoba, nikampa. Akazipokea kwa mikono miwili. Nilipofika barabarani ndipo nikakaa juu ya sanduku langu nikalia mpaka dereva wa kigari cha mizigo akazima injini akanisubiri.

Hata sasa sielewi. Kwa nini atoaye akipumua ahesabiwe vibaya kuliko atoaye akiwa kaburini? Kuna asubuhi naamka nikitaka kumshukuru, na kufika mchana nataka kumgombeza tena.

Nisalimie bwana wako, mapacha, na yule mkweo mcheshi. Binti yangu anakuamkia, mwanangu pia, ingawa bado amemnunia wakili. Mwenyezi Mungu awafunike, na awape huko ugenini watu wa kuwafungulia mlango.

Niandikie upesi kuhusu zile funguo. Usinifiche kwa kunihurumia, wifi. Gharama ya kujua nimeshailipa.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
nikupendaye hata ukichelewa kujibu.