Ule Mwiko wa Kuku Ulitoka Wapi?

Mwanjelwa, Mbeya
Jumatano

Kamwene mama, na shikamoo juu yake.

Mguu unaendeleaje? Nasikia baridi ya Kihesa mwaka huu haina adabu. Lile koti zito nililokutumia ulivae, mama, usiliweke kabatini kusubiri sikukuu, nakujua. Mimi mwili ni mzima, kazi inaenda. Kichwa ndicho kimevurugika.

Utashangaa, barua zama hizi na simu unayo. Lakini wewe simu unaipokea kwa spika, nyumba nzima inasikia, na haya baba asiyasikie kwanza. Barua hii nimempa mdogo wako, mjomba Chesco, ambaye ameleta mbao za Mafinga huku na kesho anarudi kwa njia ya Iringa. Nimemwambia akukabidhi mkononi. Soma ukiwa peke yako.

Unajua kazi yangu hapa dukani kwa yule mama wa Kihindi ni kuuza madaftari na kutoa kopi. Wanafunzi wa kidato cha sita wanaleta notsi zao za fasihi, natoa kopi asubuhi mpaka jioni. Dhamira: umaskini. Dhamira: ukandamizaji wa mwanamke. Dhamira: utamaduni na utambulisho. Mpaka nimezikariri kama sala. Sasa kuna mteja wetu, Mwalimu Atupele, mwanamke mstaafu aliyefundisha fasihi miaka mingi, ana kikundi cha uandishi kila Jumamosi. Akaniambia, "Skola, mdomo unao, hebu andika basi." Nikaandika. Nikakuandika wewe.

Niliandika Krismasi za nyumbani. Kuku mmoja, sisi watoto sita, bibi, baba na wewe. Unagawa nyama, unahakikisha kila mtu kapata, halafu unajivutia kibakuli chako cha mboga ya mnafu na kusema, "Mimi sili kuku. Kwetu wanawake hatuli, ni mwiko wa ukoo." Tangu nina akili nimelisikia hilo. Nikaandika pia ile harusi ya jirani, baba alipoirudisha sahani yako mbele za watu: "Mke wangu hali kuku, mtafutieni maharage." Basi nikaona hiyo ndiyo hadithi, mila zinamnyima mwanamke nyama.

Ila mama, niseme ukweli. Kwenye zile notsi lazima awepo mkandamizaji. Nikamtafuta nyumbani kwetu, sikumpata. Nikamchukua baba. Nikampa sauti nene na macho mekundu, yeye ambaye hata mbwa hajawahi kumkaripia. Harusini sikumwandika akiomba maharage kwa upole kama alivyoomba. Nilimwandika akikunyang'anya sahani.

Kikundi kilipiga makofi! Mwalimu Atupele alifuta miwani. Hadithi ikachaguliwa iwe ya kwanza kwenye kitabu chetu, na kitabu kitazinduliwa hapo Iringa mwezi ujao, hadithi zisomwe mbele ya watu. Na mimi kwa furaha zangu nikampigia baba simu: "Baba, nimekuandika, njoo ukae mbele." Yanayoendelea huko unayajua kuliko mimi. Nasikia kapeleka suti kwa fundi ipunguzwe kiuno, na Kihesa nzima inajua mzee yumo kitabuni.

Hapo nilikuwa bado sijachanganyikiwa. Jumatatu ndiyo mjomba Chesco kanipitia dukani mchana, nikampeleka kwa mama lishe hapa nyuma. Akaagiza wali kuku. Nikampa hadithi asome, najivuna kama nini. Akafika kwenye mwiko, akacheka mpaka wali ukampalia.

"Mwiko wa kuku? Kwetu hakunaga mwiko wa kuku! Sisi mwiko wetu mbawala, basi. Tena dada yangu huyu huyu? Akikaa karibu na chungu cha kuku, sisi wengine tunaambulia mifupa."

Nikamwambia, "Mjomba, acha utani. Miaka yote mama hali."

Akaacha kucheka. Akauliza, "Nyumbani mlikuwa wangapi?"

"Tisa."

"Na kuku?"

"Mmoja."

Akasema, "Aa." Akaweka kijiko chini. Hakumaliza chakula, na mjomba unamfahamu kwa kula.

Mwee, mama! Tangu siku hiyo sijielewi. Nakumbuka baba akienda ukweni analishwa barazani pamoja na wanaume, nyie wanawake mko jikoni, sasa angejuaje mnakula nini huko? Aliamini. Maana yake ile harusini alikuwa anakuheshimu, anaheshimu ukoo wenu. Mwanaume wa watu kalinda mwiko ambao haupo, na mimi nimemvika pembe za shetani, halafu nikamwita aje kukaa mbele asikilize.

Jana nikaenda kwa Mwalimu Atupele, nikamwambia hadithi ni ya uongo, tuiondoe. Akanitazama sana. "Skola, hadithi si cheti cha kuzaliwa. Mama alikula nyama?" Nikasema hapana. "Basi uongo uko wapi?" Nikamwambia kumbe haikuwa mila, ilikuwa ni umaskini. Akasema sawa, badilisha, andika umaskini, tena ni dhamira nzuri tu. Mchapaji anasubiri mpaka Jumatatu.

Nikakaa kuandika umaskini, nikashindwa. Maana wewe hukutaka tujue kuwa ni umaskini! Ungeweza kusema nyama haitoshi, ukasema ukoo. Mtu ambaye nyama haikumtosha anaonewa huruma, mwenye mwiko anaheshimiwa. Wewe ulichagua heshima. Sasa nikiandika kweli, nakuvua nguo mbele ya baba na mbele ya Kihesa. Nikiuacha uongo ulivyo, namvua baba. Nikiitoa kabisa, baba na suti yake nitamwambia nini? Nimechoka, mama. Na nina hasira, sijui hata nimkasirikie nani. Nakukasirikia wewe kwa sababu ulitudanganya, halafu naona aibu, maana mapaja ya huyo kuku nilikuwa nayala mimi.

Na bado sina uhakika. Pengine mjomba kasahau. Pengine kweli bibi yako alikuwekea mwiko peke yako kwa ugonjwa fulani, mambo ya zamani nani anayajua. Nawaza hivi, nawaza vile, wateja wananiita sisikii. Leo nimemtolea mwanafunzi kopi za mtu mwingine.

Nisalimie dada yangu mkubwa na watoto wake, na yule mdogo wetu anayejenga, mwambie bati asinunue kwa maneno ya kwenye simu. Mjane jirani yetu anayekuletea mboga, mpe mkono wangu. Baba mwambie tu namsalimu kwa heshima zote, suti iwe nafasi kidogo tumboni.

Barua hii usinijibu, wala usimtume mtu anipigie simu. Jumamosi nakuja mwenyewe. Nakuja na jogoo, mkubwa, na tutakuwa watatu tu nyumbani, hatumgawii mtu. Nitapika mimi. Ukitaka tule sebuleni na baba, tutakula na baba, aone mwenyewe, na tutaongea naye wote wawili. Ukitaka asijue mpaka kaburini, tutakula jikoni wewe na mimi, mlango nitaufunga, na hadithi nitaichana. Uamuzi ni wako, mwenye sahani ni wewe.

Lakini naomba ule, mama. Nyama safari hii inatosha. Ukisema tena huli, sitaweza kujua kama ni mwiko kweli au bado unatuachia sisi, na nina miaka thelathini na nne.

Ni mimi mwanao unayenipenda hata nikikosea,
Skola