Kengele Bado Iko Njiani

Karhuvaara, tarehe 28 Desemba

Mpendwa mdogo wangu Raija,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwetu, ambako theluji imefika usawa wa madirisha. Natumaini wewe na mumeo Börje hamjambo huko ng'ambo ya bahari, na kwamba nyonga yako mpya inakubeba vizuri kuliko ile uliyozaliwa nayo. Mimi mwili ni mzima. Napasua kuni mwenyewe, na pai zangu za wali za Krismasi mwaka huu zilimfanya mke wa mchungaji aulize kama nimeficha nyingine. Habari za Outi nitakupa, taratibu, maana ndizo zilizonishikisha kalamu. Ningepiga simu, lakini simu iko ukutani mwa chumba chake, na masikio ya mtoto huyu hayajaugua.

Najua Lahja ameshakupigia. Yule jirani yetu hawezi kukaa na habari hata kwa muda wa kahawa kupoa. Bila shaka amekwambia kwamba yeye ndiye mshindi wa shindano la kusoma la basi la maktaba, kwamba amepewa kikombe na picha yake imetoka gazetini, na kwamba dada yako, baada ya kujigamba mwaka mzima, ameanguka kwenye kitabu cha mwisho kabisa. Ni kweli, nimeanguka. Ila sitaki uisikie kwa Lahja halafu iishie hapo.

Ilianza Januari, basi liliposimama hapa barabarani kwetu kama kawaida yake. Terhi, mkutubi anayeliendesha mwenyewe, alitutangazia shindano la mwaka mzima: usome kitabu chenye jalada la kijani, kitabu cha mtu wa visiwani, kitabu ulichokikimbia shuleni, na mengine ya namna hiyo, hadi jukumu la mwisho, ambalo ni kitabu kinene kuliko vyote ulivyowahi kushika. Lahja akanigeukia mbele ya watu akasema, “Hilkka, wewe utasoma nini? Hujawahi kumaliza hata maandishi ya pakiti ya kahawa.” Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini Outi alikuwa nyuma yangu na mabuti yake ya zizini. Akamwambia Terhi, “Mwandike mama yangu wa kwanza. Bibi Lahja mwandike chini yake, azoee mapema.”

Huyo ndiye mtoto wangu. Nimezaa mmoja tu, lakini Mungu alinipimia kwa kibaba kilichojaa. Mama yake aliishia darasa la sita akaenda kusugua masufuria ya shule, na yeye ni daktari wa wanyama. Hakuna ng'ombe kati ya hapa na mtoni asiyeijua mikono yake. Usiku ule wa baridi kali, ndama wa akina Pulkkinen alipokwama akizaliwa, walimwita nani? Lakini haya nimeshakuandikia, najua.

Basi nikasoma. Mwanzoni kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitembea kama ya mtu anayesali. Kile cha kijani nilikimaliza kwa mwezi mzima. Kufikia Machi nilikuwa nimekwisha kumpita Lahja, na kila basi likija nilihakikisha anajua.

Aprili Outi akaanza kukonda. Alisema ni kazi za majira ya kuzaa, ng'ombe wote wameamua kuzaa pamoja. Unajua yaliyofuata: hospitali ya Kuopio, vipimo, zile dawa zinazotiririka mshipani. Usichojua ni kwamba vitabu vyangu karibu vyote vya mwaka huu nimevisomea hospitalini, tena kwa sauti, kwa sababu dawa zilimtia ukungu machoni akashindwa kusoma mwenyewe. Nikikosea neno alinirekebisha huku amefumba macho. Kitabu nilichokikimbia shuleni nilimsomea siku nywele zake zilipoisha. Aliniambia, “Mama, ulikuwa na haki ya kukimbia.” Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka nesi akaja.

Oktoba madaktari walituita chumbani, wakafunga mlango, wakasema hawana dawa nyingine ya kujaribu. Walisema kwa upole sana. Nikamrudisha nyumbani, nikamlaza chumba cha upande wa jiko la sauna, kwenye joto. Wewe nilikwambia amerudi kupumzika. Raija, hajarudi kupumzika.

Kitabu cha mwisho alikichagua mwenyewe. Ni kinene kama tofali. Kinahusu mzee anayesafirisha kengele ya kanisa kwa farasi, kutoka kusini hadi kijiji cha mbali kaskazini, watu wanaingoja waizindue. Nilipokifungua mara ya kwanza niliogopa unene wake, nikamwuliza kama atakiweza. Akasema, “Nitakisikiliza mpaka mwisho, mama. Mimi siondoki katikati ya hadithi.”

Alisema tu kama watu wanavyosema. Mimi nikalishika neno hilo kama mtu aliyetumbukia ziwani anavyoshika ukingo wa barafu.

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma polepole. Leo miwani imepotea, kesho koo limekauka. Ukurasa wa jana narudia leo, nasema nimesahau tulipofika. Mimi niliyempita Lahja kwa vitabu sijui vingapi! Basi lilipokuja wiki ya kabla ya Krismasi, Terhi aliandaa kahawa na keki, akaniuliza pembeni kama nimemaliza. Nikamwambia macho yamenishinda. Lahja akasema, “Niliwaambia mimi.” Unanijua nilivyo na jibu. Siku hiyo nilimmiminia kahawa, nikanyamaza. Kumbe naye anajua kunyamaza mtu akimnyamazia. Aliondoka bila kumaliza keki yake.

Nilidhani Outi haoni. Siku moja akaniambia, “Mama, huyu mzee ameuvuka mto huu mara tatu sasa. Farasi atapata mafua.” Nikacheka, nikaenda jikoni, nikafungulia maji yamwagike kwa nguvu, nikalia humo.

Mkesha wa Krismasi nilienda makaburini kumwashia marehemu mume wangu Veikko mshumaa. Unakumbuka tulinunua nafasi ya watu wawili, yake na yangu. Nilisimama nikaitazama ile theluji isiyochimbwa kando yake, nikakataa kufikiri. Niliporudi Outi alikuwa macho. Alinishika mkono, mikono yake ile ambayo ng'ombe wote waliijua, sasa miepesi kama glavu tupu. Akasema, “Mwache yule mzee afike, mama. Amechoka.”

Nikashika lililonijia kwanza. Nikamwambia hatuwezi kufika bila mama mdogo Raija, maana tangu utoto alikuwa akitupiga ngumi hadithi ikiisha yeye hayupo. Akafikiri. Kisha akasema, “Haya. Tumngoje mama mdogo.”

Sasa kitabu kimekaa mezani na kijiko ndani yake kama alama, kurasa zilizobaki ni nyembamba kuliko kipande cha mkate. Nesi wa wilaya anakuja kila asubuhi, naye hanitazami tena usoni.

Kwa hiyo njoo, Raija. Barua hii ikikufikia, vaa koti uje. Ila nakuomba usipande ndege. Panda meli ya usiku kama tulivyokuwa tukisafiri zamani, kisha treni, na ukifika Joensuu unywe kahawa kwanza, hata vikombe viwili. Basi la kwanza likikupita, liache lipite.

Msalimie sana Börje, mwambie soksi zake za sufu ziko tayari, ni nzuri kuliko za dukani. Outi anakusalimu kwa moyo wote. Kila asubuhi ananiuliza utafika lini, nami namwambia barabara ni mbaya.

Ndimi dada yako akupendaye,
Hilkka