Simba, Bosco na Ukoko wa Ugali

Gatina, Jumapili jioni, Julai 1996

Baridi ya leo ni ile ya kuvaa sweta mbili na bado unalalamika. Jua lilichungulia kidogo tukitoka kanisani, likatuona, likarudi kwake. Lakini mimi nina raha. Nimegundua kitu.

Tangu dada yangu Nafula ahamie kwangu kutoka Kianda, vyumba vyao vilipobomolewa, mbwa wetu wamekuwa wakiraruana. Simba ni wangu, ndiye askari wa geti tangu akiwa mdogo. Bosco ni wa Nafula. Jumatano walishikana mpaka sikio la Simba likapasuka, na mwenye ploti tunayopanga akaja mlangoni. "Fundi, wakipigana tena mmoja anaenda. Sijali ni yupi."

Nafula alikuwa anakunja blanketi yake. Akasema polepole kwamba Bosco akienda, na yeye anaenda.

Aende wapi na hii baridi?

Aki nililia. Huyu ndiye alinibeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Na Simba naye nimtupe vipi?

Majirani walikuwa na dawa zao: wamwagie maji, wapake pilipili. Nikasema ngoja kwanza nichunguze. Cherehani yangu iko hapo mlangoni, na mguu unaweza kukanyaga huku macho yakizurura.

Ajabu ni kwamba mchana kutwa hawana neno. Wanakunywa maji kwa karai moja. Bosco hata analamba lile sikio alilopasua mwenyewe, mnafiki mkubwa! Nilidhani ni mambo ya geti, sio. Nilidhani ni watoto wanawachokoza, wapi. Maneno yanaanza jioni, nikianza kukwangua ukoko wa ugali kwa sufuria. Basi labda hawashibi? Ijumaa nikasonga ugali wa kulisha harusi, na bado Simba akasimamisha manyoya. Nikaruka katikati na ufagio, roho mkononi.

Hapo ndipo niliona. Simba hakukasirika chakula kilipotoka. Alikasirika nilipomwekea Bosco kwanza.

Na kwa nini nilikuwa nampa Bosco kwanza? Kwa sababu ni mgeni! Kwetu mgeni hutangulia, hilo halina mjadala. Nikajikuta nampa mbwa heshima ya shemeji. Nilicheka peke yangu mpaka mama aliyeleta sketi akaniuliza kama niko sawa.

Kwa hivyo jana niliwafunga kamba mbali mbali, Simba karibu na geti, Bosco nyuma ya pipa la maji. Simba akapewa kwanza. Aliniangalia, akala, akalala. Bosco akangoja zamu yake akitikisa mkia. Hakuna aliyenguruma! Sisemi yameisha, kamba sifungui leo wala kesho.

Nafula alikuwa ameketi pale kwa kiti kizuri, anatazama. Akasema, "Heri Bosco. Yeye ameacha kuwa mgeni."

Alikuwa anacheka, lakini macho hayakucheka.

Tangu aje sijamwacha aguse hata kijiko. Kuku akichinjwa, firigisi ni yake. Akishika ufagio, namnyang'anya. Mimi nikidhani ni mapenzi, kumbe dada yangu anakaa siku nzima mikono mapajani, na kila asubuhi blanketi yake inakunjwa na kurudi kwa mfuko, kama mtu anayesubiri kuambiwa safari njema. Nilikuwa naona. Mbwa nimewachunguza tangu Jumatano, yeye sikumchunguza.

Leo tulipotoka kanisani nilimpa mwiko. Amesonga ugali mgumu wa kujengea nyumba, amenigombeza kwamba sufuria zangu zina masizi, kisha amekwangua ukoko na kuwapelekea mwenyewe. Simba kwanza, halafu Bosco. Wote wamelala sasa, kila mtu na kamba yake.

Nafula anaimba akiosha vyombo. Mfuko wake uko pale pale kando ya mlango.

Kesho asubuhi, kabla ya cherehani, nitaangalia blanketi imewekwa wapi.