Mbao Zetu, Mabati Yake

Jumatatu, 2 Septemba

Nimegeuza fromaji zote, jibini zetu, nimezipaka chumvi, nimefua vitambaa. Mikono inanuka maziwa hata baada ya sabuni. Mume wangu, Papa Janvier, amekamua tangu alfajiri na amerudi na ndoo mbili tu. Majani bado makavu.

Kabla ya mchana gérant, msimamizi wa ferme hii ya ng'ombe, alituita wafanyakazi wote, familia tano. Hakukawia. "Patroni amekwisha kuuzisha ferme. Mwenyeji mupya iko na watu yake. Mwisho wa mwezi kila mutu atoke, na nyumba zibakie vile ziko."

Hakuna aliyelia. Mimi nilitamani kumtupia kitambaa cha fromaji usoni.

Jumanne, 3 Septemba

Zibaki vile zilivyo! Nani alizijenga?

Tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kashuga, baada ya vita, tulikuta majivu hapa. Askari walikuwa wamepikia kuta zetu kama kuni, hadi milango. Patroni, mwenye ferme, alipanda kutoka mjini, akatazama, akasema ataleta mabati, mengine tujitegemee. Tukajitegemea. Wanaume walipita Nyabiondo wakaingia msitu wa Walikale, wakapasua mbao wenyewe, wakazibeba mgongoni. Papa Janvier bado ana alama begani. Mimi nilitafuta misumari kwenye majivu na kuinyoosha kwa jiwe, mmoja mmoja.

Nyumba yangu ina vyumba viwili na dirisha linalofungika. Naipenda kuliko ninavyopenda watu fulani. Simwachii mtu.

Ijumaa, 6 Septemba

Kikao jikoni kwangu. Papa Safari, mchunga ng'ombe, mkubwa wetu kwa umri, anataka twende kumpigia patroni magoti. Nimemwambia magoti yangu yana kazi nyingine. Mkewe amecheka, yeye amenuna.

Mwingine amesema tuache kukamua, maziwa yaharibike, wajue sisi ni nani. Hapo Papa Janvier, ambaye huwa hasemi, amesema. "Ngombe haiko na kosa. Tutakamua mupaka siku ya mwisho."

Kisha nikasema langu. Mbao zetu tutazing'oa. Mabati ni ya patroni, hayo tutamwachia, hata moja halitapotea. Papa Safari akauliza kama koleo langu bado linafanya kazi. Basi, hoja imepita.

Jumapili, 8 Septemba

Swali ni moja: mbao tuzipeleke wapi?

Shamba la marehemu baba liko ng'ambo ya mto, njia ya Lushebere. Kaka yangu ndiye analilima na mkewe, Mama Mapendo. Nafasi ipo. Lakini msimu uliopita ng'ombe wa ferme walivuka wakala maharage ya wifi yangu, mistari mizima, na tangu siku ile hanisalimii. Leo kanisani amepita mbele yangu kama mimi ni upepo.

Papa Janvier ananiambia niende nikamuombe. Siendi. Tutapanga mbao uwanjani kwa kanisa, sisi twende kambi ya Lushebere chini ya shitingi za plastiki. Shitingi naijua. Inavuja, inapiga kelele usiku, na jirani anasikia ukikohoa. Hata hivyo siendi.

Jumatano, 18 Septemba

Nimepita mtoni kuchota maji. Nimemwona wifi shambani, ameinama. Nimesimama kidogo. Hakuinua kichwa, au aliinua nilipogeuka, sijui. Nimerudi na ndoo yangu.

Nina hasira na yeye. Nina hasira zaidi na mimi. Papa Janvier hajauliza kitu na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatano, 25 Septemba

Kesho tunang'oa.

Nimepata wazo, nikalitangaza kwa sauti: kila familia iandike alama yake kwenye mbao zake kwa makaa, ili tukizisimamisha tena kila ukuta urudi mahali pake. Msalaba ni sisi. Duara ni Papa Safari. Wengine mistari. Watoto wameandika hadi kwenye nguzo za jiko. Wote wamenisifu. Nimekubali sifa.

Ijumaa, 27 Septemba

Jana sikuweza kuandika. Vidole havikufungika.

Tulikamua kwanza. Nikatengeneza fromaji, nikafua vitambaa, nikaanika. Kisha Papa Janvier akapanda juu ya nyumba yetu akang'oa msumari wa kwanza. Mabati tuliyashusha, tukayapanguza, tukayapanga mbele ya stoo, tukayafunga kamba. Yalipendeza kuliko yalivyokuwa juu ya paa.

Tulikuwa kwenye kuta gérant alipofika na polisi mmoja. Akapiga kelele kwamba mbao ni za ferme, kwamba tunaiba. Wizi! Nikashuka kwenye ngazi. 

"Manjanja ya patroni ile pale, uhesabu. Mbao, unionyeshe moja tu yenye patroni alibeba."

Akampigia simu patroni, akaweka sauti kubwa ili tuaibike. Patroni akauliza jambo moja tu: mabati yake. Polisi akaenda kuyatazama, akasema yote iko. Patroni akasema, "Basi," akakata. Ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote ile, na neno moja.

Hapo tukaona watu wanapanda kilima kutoka mtoni. Wengi, wanawake mbele, na kamba mabegani. Aliyeongoza ni Mama Mapendo. Nilidhani anakuja kutazama aibu yangu, na ameleta mashahidi.

Akasimama mbele yangu. "Muko natuangalia nini? Leteni mbao, mvua iko nakuja! Shamba ya baba yako iko kule, weye unataka kwenda kulala mu kambi juu ya nini?" Kisha, akijifunga mbao mbili za kwanza mgongoni, "Na maharage yangu sijasahau."

Nikalia. Mbele ya gérant, mbele ya polisi, mbele ya kila mtu. Sijali.

Nani alimwambia, sijui. Nilimtazama Papa Janvier, naye akawa anakagua buti zake.

Nyumba tano ziliteremka kilima zikavuka mto migongoni mwa watu. Nilikuwa nyuma na mlango wangu kichwani. Nilitaka marehemu baba awe hai aone.

Mvua ilitukuta mtoni.

Jumamosi, 28 Septemba

Alama za makaa hazipo. Zote. Mvua imezifuta, na mbao zililazwa shambani rundo moja. Mimi, mwenye akili nyingi! Watu wa Masisi, tuliozaliwa kwenye mvua, tumeandika kwa makaa.

Asubuhi yote ilikuwa ugomvi. Huu ni wangu, huu ulikuwa jikoni, hapana, angalia tundu la msumari. Papa Safari alikumbatia ubao mmoja akakataa kuuachia, kisha mkewe akamwonyesha kuwa ulikuwa wa choo. Tulicheka hadi tukakaa chini. Baada ya hapo kila mtu alichukua ubao uliokuwa karibu na mkono wake.

Jumapili, 6 Oktoba

Nyumba zimesimama, zote tano. Kaka yangu alisogeza maharage kutupisha, bila maneno. Wifi alisogeza kwa maneno mengi. Paa ni majani na shitingi juu yake kwa sasa.

Dirisha langu liko kwa Papa Safari, linamfaa, nimemwachia. Mimi nina mbao zake nyeusi za moshi upande wa kitanda, na harufu ya ugoro wake. Nyumba inapinda kidogo kulia. Padri alipita baada ya misa akauliza fundi ni nani. Nikasema ni sisi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Jioni. Kulikuwa na ukungu, sasa umeondoka.

Gérant amekuja. Alisimama nje akabisha hodi, nikamkaribisha, akakaa kwenye kibao. Watu wa mwenyeji mpya wameshindwa na baridi, wameshuka mjini. Ng'ombe wanalia. Anatutaka turudi, wote. Mwenyeji mpya atatujengea nyumba za matofali ndani ya ferme.

Papa Janvier alinitazama mimi.

"Kazi tutakuja," nikamwambia. "Nyumba, aksanti. Mangaribi tutakuwa tunarudi kwetu."

"Nyumba ya bure, Mama?"

Nilimmiminia chai. Akainywa polepole, akitazama kuta. Alipomaliza aliweka kikombe chini, akasimama, akaniomba ruhusa ya kwenda.

Nikampa.