Kipimo cha Tumbo la Shemeji Yako

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu tele kutoka kwa kaka yako, fundi cherehani anayejulikana miji mitatu. U mzima? Kile kifua kimetulia? Sisi tunapumua, na habari ninazo.

Unanijua. Mtu akisimama tu mlangoni, nishajua kiuno chake. Basi nilipomshonea shemeji yako gauni la ujauzito, futi yangu ya kupimia ilinishtua. Ilikuwa imepita miezi mitano tu tangu nirudi safari. Tumbo lilikuwa la miezi saba! Nikapima tena mchana akiwa amelala, nikijidai natafuta sindano iliyodondoka. Ni lile lile. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu kwa kalenda ya ukutani. Wakati mimi nashona sare za watu huko mbali, nani alikuwa nyumbani mwangu? Wiki ileile nikakuhamishia kwa fundi mwenzangu, nikidai wateja wamepungua.

Kisha akaanza kwenda kliniki kila wiki. Nikimuuliza, ananijibu ni vipimo. Vipimo gani visivyoisha? Siku moja nikamfuata, nikajibanza nyuma ya mama mmoja mpana kama kabati. Mkunga akaniona, akaniuliza mimba yangu ina miezi mingapi. Benchi zima likaangua kicheko. Akanivuta ndani.

Daktari akanionyesha kwenye picha: kondo la nyuma limeota uvimbe wa mishipa ya damu, mkubwa kama chungwa. Akasema si saratani, ila unajaza maji tumboni, unauchosha moyo wa mtoto, na unaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Shemeji yako alinificha kwa sababu nilikuwa nanuna. Alidhani nikisikia nitamkimbia.

Mkunga naye alianza na futi kama yangu, akaona tumbo limezidi miezi yake. Yeye akaagiza picha. Mimi nikakufukuza wewe.

Ndiyo, ndugu yangu. Wateja hawakupungua. Nilikushuku wewe, kwa vile ndiye uliyebaki naye nyumbani. Nisamehe.

Mtoto amekuja wiki sita mapema, wa kike, mwepesi kama kipande cha kitambaa cha bitana. Yuko kwenye mashine ya joto, ameanza kunyonya. Kwa mama yake nimekiri yote. Hakugomba. Alisema tu kwamba mtoto hapewi jina mpaka baba yake mdogo aingie mlango huu, na nikualike mwenyewe, kwa maandishi.

Ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Anasema nimejisifu mno, lakini iende.

Pokea salamu zake, na za huyo asiye na jina.

Ni mimi kaka yako,
Fundi