Siku Uliyotaka Nitoke Eda

Mpendwa mwanangu Rukia,

Nakusalimu kwa salamu ya Mwenyezi Mungu, na dua zangu juu yake. Simu yako haipatikani tangu mwezi wa Shaabani, na yule wakala aliyekupeleka Uarabuni hashiki tena simu yangu. Nimeambiwa niandike tu, huenda akatokea wa kukufikishia. Mimi shule niliishia darasa la tatu, nisamehe nikikosea.

Leo nilikuwa shuleni kwenu. Walimu waliwekewa semina ya kuufahamu Uislamu wa siku hizi, wapate kuufundisha na wajue watoto wetu wanaishije. Aliyeniita ni Mwalimu Wambua, naibu wa mkuu, yule yule aliyekutoa darasani. "Mama Rukia, njoo uwaeleze mwenyewe." Nikaenda.

Nilikaa nyuma, nikakukumbuka ulivyokuwa babako alipofariki. Ulifunga kila Jumatatu na Alhamisi, ukimwombea. Mkono wa mwalimu mwanamume ukawa huupokei. Wenzako wakila mihogo wakati wa mapumziko, wewe uko pembeni na juzuu yako ya Kurani. Wakikuita "ustadhi," ukirudi nyumbani Kisauni unanihadithia ukicheka. Mimi nilijua ni huzuni. Walimu walikuwa wameambiwa, sijui na nani, kwamba hizo ni dalili za mtoto anayevutwa kwenye ugaidi. Wakataka mzazi afike.

Na mzazi yuko ndani, kavaa nyeupe, anakaa eda ya miezi minne na siku kumi.

Walimu wakakuuliza, "Mamako hatoki kwa nini? Anaficha nini?"

Ukawaambia nimefiwa na mume.

"Kufiwa ndiyo mtu ajifungie?"

Nikapiga simu, wakasema mambo kama haya hayazungumzwi kwa simu. Nikamtuma mjombako Athmani. Maskini, na ndevu zake zile, akazidi kuharibu. Mwisho wakakwambia usirudi mpaka nije mwenyewe.

Siku hiyo ulikuwa wakuna nazi. Ukasita, ukasema, "Mama, na ukitoka mara moja tu, mchana, ukarudi? Chuoni, kwenye madrasa, tumefundishwa yafaa, mtu akiwa na haja."

Nikakukaripia. "Chuo gani hicho? Wataka majirani waseme babako hajapoa kaburini nami niko njiani? Usinifundishe dini, mimi ndiye niliyekuzaa!"

"Haya, mama." Ukaendelea kukuna.

Ukakaa nyumbani wiki baada ya wiki, wenzako wakisoma. Kitambulisho ulikuwa umeshapata, na wakala akakuona, akakuahidi kazi ya nyumbani Uarabuni. Gari ilipokuja kukuchukua eda yangu ilikuwa imebaki siku kumi na moja. Nilikuaga ndani ya chumba. Hata kizingiti sikukivuka, mwanangu.

Basi leo yule sheikh aliyealikwa akawaeleza walimu eda ni nini. Mwalimu Wambua akainua mkono. "Sheikh, kwa hivyo mama huyu hangeweza kuja kabisa?" Nadhani alitaka nisafike mbele ya wenzake, naye apate kuniomba radhi.

Sheikh akasema, "Mchana, kwa haja kama hiyo, angetoka akarudi kulala kwake. Hapana ubaya."

Mwalimu akainama. Wallahi sikumwona yeye, nilikuona wewe.

Nilikuwa nimejipanga kuwashtaki. Maneno yote yakaniruka. Nikasimama nikasema, "Walimu, nyinyi hamkuijua dini yetu. Na mimi niliyezaliwa ndani yake sikuijua. Mtoto alijua, na sote tukamnyamazisha." Nikakaa.

Walipotoka, mwalimu mmoja kijana, mtu wa bara, alinifuata. Akaniamkia shikamoo kwa taabu, kisha akauliza polepole, "Mama, na sasa Rukia yuko wapi?" Nikatazama viatu vyake.

Rukia, mzazi kumwomba mtoto radhi si jambo jepesi kwetu. Nakuomba. Walimu nimewasamehe, nafsi yangu bado. Sijui kama umenyang'anywa simu, au waugua, au kuna jambo ambalo kalamu yangu haithubutu kuliandika. Ama umenikasirikia tu, na sauti yangu hutaki kuisikia. Kila nikiswali naomba liwe hilo la mwisho. Nikasirikie mwanangu, miaka ukitaka, lakini uwe hai.

Ni mimi,
Mamako, wa Kisauni